"Love" Haifasiriki Kabla ya Kumjua Anayependwa

Mhariri,

Swali la jarida lenu wiki hii lilitaka kujua neno la Kiingereza "love" lina maana gani katika matumizi ya kila siku, na kama neno letu "upendo" linatosha kulifasiri. Mimi ni mkalimani wa ibada hapa Kisumu, na kwa miaka mingi nimesimama ubavuni mwa wahubiri wageni nikikigeuza Kiingereza chao kuwa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba "upendo" halitoshi, na "mapenzi" pia halitoshi. Anayelifasiri neno hilo sharti kwanza ajue ni nani anayependa na ni nini kinachopendwa.

Kiingereza kina vitenzi viwili, "like" na "love", lakini nomino inayobeba mzigo wote ni moja. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kupenda, na nomino nyingi. Nawapenda wazazi wangu, nampenda mke wangu, napenda samaki: kitenzi hakibadiliki. Dholuo, lugha ya Wajaluo, nayo hufuata njia hiyo, kwani anayesema "ahero rech" (napenda samaki) akiwa mezani hutumia kitenzi kile kile atakachomwambia mchumba wake, "aheri" (nakupenda). Ndiyo maana sioni haki mwanafunzi wetu anapokatwa alama kwa kuandika kwamba chai anai-"love", ilhali Waingereza wenyewe husema hivyo kila siku.

Ugumu wetu uko kwenye nomino. Upendo tunauhusisha na Mungu, wazazi na jirani. Mapenzi huelekea zaidi kwa wawili wanaotakana. Mahaba na huba, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayaingii kabisa katika mahubiri. Lakini mapenzi yana maana nyingine ambayo "love" haina, nayo ni utashi, kama tunavyosali: "Mapenzi yako yatimizwe." Katika mkutano mmoja wa hadhara mgeni alihubiri kwamba Mungu hachoki kutupenda, nami kwa haraka nikasema kwamba mapenzi ya Mungu hayana mwisho wala hayazuiliki. Baada ya mkutano alinijia mama aliyekuwa amemzika mwanawe majuma machache tu yaliyopita, akaniuliza kama mhubiri alimaanisha kwamba Mungu ndiye aliyetaka kijana wake afe. Mhubiri hakuwa amesema neno lolote la namna hiyo. Nililisema mimi, kwa kuchagua nomino isiyofaa, na nilikaa na mama yule hadi jioni nikimweleza kwamba alichosikia hakikutoka kwa mgeni. Tangu siku hiyo, habari ikiwa ya Mungu na wanadamu, nasema upendo na sibadilishi.

Kiingereza chenyewe kimepata taabu hiyo. Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika sura ya 13 ya Wakorintho wa Kwanza, haikutumia "love" bali "charity", neno lililotoka kwenye Kilatini "caritas". Baadaye "charity" lilibanwa likabaki zaidi na maana ya kuwasaidia maskini, na Agano Jipya lililosahihishwa mwaka 1881 likaweka "love" mahali pake. Waliotuandikia "Upendo huvumilia, hufadhili" walichagua vyema.

Matumizi mengine hayana uzito huo, ila yanampotosha anayefasiri neno kwa neno. Mchuuzi wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, humwita mteja asiyemjua "love", kama vile mtangazaji wetu anavyosema "mpenzi msikilizaji" bila kumtongoza mtu. Shangazi akimaliza barua kwa "love", Kiswahili chake ni "akupendaye". Katika tenisi neno hilo ni sifuri, na wengi hulihusisha na msemo wa kucheza bila dau, kwa kupenda mchezo tu. Mwingereza akikwambia kwamba ange-"love" kuja kwako, subiri amalize, kwa maana mara nyingi udhuru unafuata, kama ilivyo kwetu tunaposema "ningependa sana, ila". Nasikitika tu ninaposikia katika filamu zilizotafsiriwa kwamba mtu "ameanguka katika mapenzi", wakati Kiswahili kinajua kuzama penzini na kutekwa moyo.

Lililonisumbua kuliko yote lilitokea kwenye semina ya vijana, mbele ya wazazi wao. Binti mmoja alieleza kwa Kiingereza kwamba kijana aliyeletewa kama mchumba anam-"like" lakini ham-"love", na wazee wakanigeukia mimi. Kwa kitenzi chetu kimoja ningesema kwamba anampenda lakini hampendi, na binti angeonekana hajui analolitaka. Nilisema: "Anamheshimu na kumpenda kama kaka yake, lakini moyo wake haujampokea kuwa mume." Baba yake aliuliza kama ndivyo alivyosema. Binti, aliyekuwa akielewa lugha zote mbili, akajibu kwa Kiswahili: "Ndivyo, Baba."