Vipaipu mia mbili vya Maserati vya nini?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni fundi welda hapa Mafinga, juzi mteja kanionyesha kwenye simu Maserati, gari la Italia, ya zamani ya mashindano, chasisi yake vipaipu vyembamba tupu, mpaka kwenye kioo cha mbele unaviona, anasema waliibandika jina la tundu la ndege. Si wangeweka paipu nene mbili yakaisha? Na ilishinda kweli au sifa tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umeniuliza gari ninalolipenda kuliko yote. Wewe geti unachomelea kila siku, ukiunga skwea paipu pande nne tu ukilisukuma kona linayumba, ukipitisha kipande kimoja cha mshazari linakaza palepale, na hicho kipande wala si kinene. Ndo alichofanya injinia Giulio Alfieri, vipaipu kama 200 vyembamba vya chuma kigumu, pembetatu juu ya pembetatu, gari zima likaja kwenye kilo 600 hivi!! Paipu nene mbili zingebeba, ila uzito wake ungewamaliza, maana Maserati mwisho wa 1957 walishajitoa mashindanoni, hela zimekata, hili gari la 1959 walilitengeneza wauzie timu binafsi na injini yenyewe ni silinda nne tu, wameilaza nyuzi 45 ili boneti ikae chini. Yalitoka matoleo mawili: Tipo 60 injini yake ilikuwa lita 2, Tipo 61 wakaipandisha karibu lita 2.9, hosipawa kama 250. Jumla hazikufika hata 30.

Kushinda ilishinda. Nürburgring kule Ujerumani, mbio za kilomita 1000 mwaka 1960, we fikiria Kitonga lakini mzunguko mmoja karibu kilomita 23 na ukungu kama wenu wa Mafinga asubuhi, madereva Stirling Moss na Dan Gurney walikuwa mbele na Tipo 61, paipu ya oili ikawasumbua, wakakaa piti, pale pa matengenezo pembeni ya barabara, dakika kadhaa wanaangalia wenzao wanapita, wakarudi wakawafukuza wote wakashinda. 1961 Tipo 61 ikashinda tena palepale, ikiendeshwa na Gregory na Casner.

Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, ndo ilikataa. 1960 ilianza inaongoza kabisa, stata ikaja kuwaangusha. Na kuirekebisha ikigongwa ni kazi mdogo wangu, kipaipu kimoja kikipinda mkono wa kuchomelea haupiti mpaka ukate vingine vitatu.