Kabla hujanunua "mbegu ya GMO" Kariakoo

Masika ya mwaka juzi niliingia duka moja la pembejeo Kariakoo kutafuta mbegu ya mahindi. Muuzaji akainama juu ya kaunta, akashusha sauti kama anauza magendo: "Kaka, chukua hii. GMO ya Afrika Kusini. Viwavi hawaigusi." Yaani mbegu iliyobadilishwa jeni maabara. Bei yake ilinifanya nihesabu hela mara mbili, lakini nikatoa. Kesho yake nikapanda gari Mbagala Rangi Tatu kwenda shambani Mkuranga, begi nimelipakata.

Viwavijeshi waliigusa. Wiki ya tatu tu kijana wa shamba akanitumia picha: majani yametobolewa kama chujio, na kwenye moyo wa kila mhindi kuna kinyesi kinachofanana na unga wa mbao uliolowa. Tukapuliza dawa, tukavuna, si haba. Mimi nikazidi kujiona mjanja: nikachagua mahindi manene, nikayatunza yawe mbegu ya msimu uliofuata. Hapo ndipo nilipoumbuka. Mengine yalinipita kichwa, mengine yaliishia kiunoni, na mengi yalibeba vigunzi vya mapengo. Mzee jirani alisimama mpakani akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, hiyo chotara. Chotara hairudiwi."

Nilikuwa bado na pakiti moja tupu. Nikaigeuza. Imeandikwa chotara, kwa herufi za kuonekana. Sikuwa nimeisoma.

Kwa hiyo wewe unayelima kwa simu kama mimi, jua hili kwanza: Tanzania hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa. Majaribio ya mahindi yalianza 2016 pale Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio, nayo yakasitishwa. Januari 2021 Profesa Adolf Mkenda, akiwa Waziri wa Kilimo, alitangaza kuyafuta. Anayekuuzia "GMO" dukani anakuuzia chotara kwa jina la kutisha, au anakuuzia kitu cha magendo. Vyote viwili havikufai.

Mjini neno hili tumelifanya kapu. Kuku wa kisasa GMO, tikiti lisilo na mbegu GMO, mgomba wa tishu GMO. Hata ile rangi nyekundu kwenye mbegu watu huiita GMO, kumbe ni alama ya dawa ya kuzuia kuvu na wadudu (usije ukaichemsha ukala). Chotara ni watoto wa wazazi wawili waliochaguliwa na kukutanishwa kwa chavua. GMO ni pale mtaalamu anapoingiza jeni (kile kinachobeba sifa za urithi) maabara, mara nyingi kutoka kwa kiumbe kingine. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yana jeni la bakteria wa udongoni, nayo hutengeneza protini inayoua viwavi wanaokula mmea. Magugu hayaguswi, na udongo uliochoka unabaki umechoka.

Mimi siogopi kuyala. Ninachouliza ni mbegu iko mikononi mwa nani. Burkina Faso waliwapa wakulima pamba ya Bt mwaka 2008. Mavuno yalikuwa mazuri, lakini nyuzi zikawa fupi, soko likalalamika, na 2016 wakaiacha. Afrika Kusini, bungua wa mabua (viwavi wanaotoboa shina) walianza kuzoea mahindi ya Bt ndani ya miaka kama kumi, kwa sehemu kwa sababu wakulima hawakutenga kipande cha mahindi ya kawaida kama inavyotakiwa, ili wadudu wasizoee haraka. Sasa niambie, mwenye nusu eka Mkuranga atatenga kipande gani? Bangladesh wao waliruhusu biringanya ya Bt mwaka 2013, imetoka taasisi ya umma, na mkulima anaweza kutunza mbegu yake. Hiyo ndiyo ningeipigia makofi.

Kwa ukanda wetu wa Pwani, kama GMO ya namna hiyo ingeruhusiwa, mimi ningeanza na muhogo. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaozesha mizizi chini huku majani yanakudanganya kuwa mambo shwari. Na muhogo hupandwa kwa pingili: ukipata shina zuri, jirani anakuja na panga, anakata lake, anaondoka.

Kwa sasa, fanya haya. Soma pakiti. Kwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, hakiki namba kwa simu ukiwa bado dukani. Kama unataka kurudia mbegu, omba mbegu isiyo chotara, mfano Staha au Situka. Na wiki za mwanzo mtu apite shambani mara mbili kwa wiki, afunue moyo wa mhindi kwa kidole.

Mwezi uliopita nilirudi lile duka. Kulikuwa na dada mmoja kaunta, na muuzaji ameshainama, ameshashusha sauti. Nikamwambia, "Dada, hebu geuza pakiti." Akaigeuza. Muuzaji akaniuliza kama nanunua au natazama tu.