Mke Wangu Anatembea na Ufunguo wa Kabati Shingoni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 43, naishi Arusha. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba, nikapata kesi. Nilihukumiwa miaka 6, nikatumikia 4 gereza la Karanga, Moshi, nikishona viatu. Huu ni mwezi wa tano tangu nitoke. Kazi sipati. Majirani hawajibu salamu, hata mama muuza maziwa niliyemzoea. Mke wangu ana meza ya mitumba sokoni. Asubuhi ananiachia elfu mbili kama mtoto wa shule, na ufunguo wa kabati la pesa anatembea nao shingoni. Nikiwa ndani alikuja kuniona mara moja tu kwa mwezi. Nahisi ana mtu. Usiku nakula nimeikumbatia sahani, watoto wananishangaa. Nimrudishe kwao?*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kifungo. Hiyo sahani imeniuma. Itakuachia polepole, usiwaonee watoto aibu.

Mengine siko upande wako. Hukupata kesi, ulikabidhiwa akiba za watu ukazila. Barua nzima hujawataja waliodhulumiwa. Miaka 4 mkeo amepishana nao bombani kila asubuhi, akisemwa kwa kosa lako. Na hiyo "mara moja tu" umeipigia hesabu? Nauli ya kwenda Moshi na kurudi, meza haifunguliwi siku nzima, sabuni na dawa ya meno kwenye mfuko, kusubiri zamu getini, halafu dakika chache za maneno askari akisikiliza. Mwanamke mwenye mtu wake hahangaiki hivyo. Huyo mwanaume umemzaa wewe kwa kukaa bure mchana kutwa.

Ufunguo uko shingoni kwa sababu aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na aliyemuuma ni wewe. Ndoa za siku hizi zinanichosha kwa hili: mwanaume anaondoka miaka, mke analipa kodi na ada, baba akirudi anadai ukuu wake kama koti aliloliacha msumarini. Ukuu wa nyumba ni kazi, na kazi hiyo kaifanya mwenzio.

Ajira ni ngumu, sikatai. Waajiri wengi wanataka cheti cha tabia njema cha polisi, na alama zako za vidole ziko hukohuko polisi. Basi acha kuzunguka na bahasha. Karanga wanajulikana kwa viatu, na mikono yako imetoka na ufundi huo. Muombe mkeo kona ya meza yake, uweke sindano, uzi na gundi. Muombe, usimwamuru. Kabati usiliulizie kabisa mwaka huu.

Pesa ya kwanza utakayopata wapelekee wanachama wale, mmoja mmoja, hata elfu tano tano, mjumbe akishuhudia na daftari likiandikwa. Habari ya kumrudisha mkeo kwao isahau; chumba unacholala kinalipiwa kodi na yeye.

Anza na mama wa maziwa. Naye alikuwa mwanachama, sivyo?