Borrow au lend? Azima yetu inavyotuponza

SWALI: Nina banda la kutengeneza baiskeli Mwanjelwa, Mbeya. Mgeni mmoja aliniambia, "Can I borrow your pump?" Nikamjibu, "Yes, I borrow you." Akabaki ananitazama. Nimekosea wapi, na neno hili limetoka wapi?
Fundi, Mwanjelwa

JIBU: Fundi, borrow ni ya anayechukua. Wewe uliyetoa pampu ulihitaji lend: "Yes, I can lend you my pump."

Kosa lako limeanzia kwenye Kiswahili chetu. Tunasema "nimeazima pampu kwa fundi", halafu tunasema "fundi, niazime pampu". Kitenzi ni kilekile kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza sanifu hakikubali hivyo, kwa hiyo pima kwa kukopa na kukopesha: panapokaa kopa weka borrow, panapokaa kopesha weka lend. Unayemkopa hutanguliwa na from; unayemkopesha hutanguliwa na to, pale kitu kinapotajwa kwanza: "I can lend my pump to you." Wakati uliopita ni borrowed na lent. "Lended" si sahihi.

Kipimo hicho kina shimo moja, nalo huwanasa hata wanaojua Kiingereza vizuri. Ukichukua kilo 2 za mchele wa Kyela dukani, ulipe mwisho wa mwezi, Kiswahili kinasema umekopa mchele. Ukisema "I borrowed rice from the shop", Mwingereza ataelewa kwamba utarudisha mchele. Sema "I bought rice on credit." Kikombe cha sukari cha jirani ni borrow, kwa sababu utarudisha sukari, ingawa si punje zilezile. Fedha za benki pia ni borrow. Baiskeli ya kulipia kwa saa ni hire, yaani kukodi. Choo hakiazimwi maana hakibebeki: omba ku-use.

Kuhusu asili, borrow imetokana na borgian ya Kiingereza cha kale, iliyozaliwa na borg, maana yake dhamana. Kijerumani, ndugu yake, kina borgen, nayo hadi leo hutumika kwa anayetoa na anayepokea, sawasawa na azima yetu. Kwa hiyo mteja anapokuachia kitambulisho ndipo aondoke na spana namba 15, hiyo ndiyo borg yenyewe.