Ukienda Barolo, omba nafasi kabla hujapanda treni

Juzi msomaji mmoja anayeishi Milano kaniandikia: "Dada, mimi na mume wangu tunataka kwenda Barolo mwezi wa kumi, tuanzie wapi?" Nikamjibu kwa kifupi: ombeni mapema nafasi ya kuonja mvinyo viwandani. Lakini nina dukuduku kuhusu kijiji kile cha kaskazini mwa Italia, ambacho mvinyo wake mwekundu nao unaitwa Barolo, na najua si yeye peke yake anayetamani kushika glasi juu ya vile vilima vya Langhe, basi ngoja niliseme lote.

Viwanda vingi vya mvinyo pale ni vya familia. Anayekumiminia mara nyingi ndiye aliyekuwa shambani asubuhi, kwa hiyo ukitokea tu mlangoni unarudi na kiu yako. Oktoba ndiyo balaa. Nebbiolo, zabibu pekee inayoruhusiwa kwenye Barolo, huchelewa kuiva, hivyo mavuno yake huangukia siku zilezile watu wanapomiminika Alba, mji wa jirani, kutafuta ule uyoga mweupe wa chini ya ardhi unaouzwa kwa gramu. Vyumba vinapanda bei, meza za migahawa zinajaa. Tuma barua pepe, ngoja ujibiwe, na jibu lihifadhi kwenye simu.

Jibu hilo ndilo lililoniokoa. Nilifika kwenye kiwanda kimoja, jina nalihifadhi, nimevaa vizuri, nafasi yangu imethibitishwa. Kijana wa getini akanitazama juu mpaka chini, akasema watu wa kuvuna wameshapatikana. Mashamba yale huvunwa na wahamiaji wengi, na kazi ile ni ya heshima, baba yangu kaifanya maisha yake yote. Lakini mimi sikuulizwa hata nimefuata nini. Nikamwonyesha simu. Akasema samahani, akanimiminia tone, akaenda zake kuwaeleza Wajerumani wa meza ya pili habari za udongo. Imepita miaka na bado inanichoma.

Nimezaliwa Dodoma, jamani. Mizabibu nimeikuta nyumbani.

Siku iliyofuata nikapanda La Morra, kijiji cha jirani, kwa mama mmoja mtu mzima ambaye kiwanda chake ni kama stoo iliyochimbwa chini ya nyumba. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa maji ya zabibu. Akaiinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe ili nione ukingo wa mvinyo: mwekundu hafifu unaoelekea rangi ya tofali, wala si ule mzito niliouzoea. Harufu ni ya mawaridi na lami. Ukimeza, ukakasi unakaza ulimi kama umetafuna ndizi mbichi. Ndiyo maana sheria yao inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao.

Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akaacha kumimina! Kwake mzabibu unalala baridi nzima. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, ukiupogoa tu unachipua upya. Akamwita mwanawe aje asikie, nikawa mwalimu hapo stoo, na kila swali lilikuja na glasi yake.

Basi ndugu zangu, tusitembee kwa kujificha. Wengi wetu tukifika sehemu kama hizo tunanong'ona, tunapiga picha mbili, tunaondoka. Uliza. Sema unatoka wapi. Umelipa kama wengine, na ulipewa nafasi kwa sababu uliomba mapema, ambalo ndilo ninalolisema tangu mwanzo.

Kijijini kwenyewe panatembelewa nusu siku. Ingia ngome ya akina Falletti, ukoo uliokimiliki kijiji zamani, ambayo tangu 2010 ina makumbusho ya mvinyo. Bibi wa mwisho wa ukoo ule, Giulia Colbert, alikuwa Mfaransa aliyeolewa pale, na huko Torino alipigania hali ya wanawake wafungwa. Mimi nilikaa kwenye habari zake kuliko kwenye chupa. Makumbusho ya vizibuo yaliyo karibu nayo, ukiyaruka hujapoteza kitu.

Usafiri: treni kutoka Torino hadi Alba, kisha basi, na mabasi ni ya kuhesabu, Jumapili usiyategemee. Mkichukua gari, dereva wenu ateme mvinyo badala ya kuumeza. Ndoo za kutemea zipo mezani na hakuna atakayekushangaa. Kiwango cha sheria ya Italia ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu, na mwenye leseni isiyotimiza miaka mitatu haruhusiwi hata tone. Kama Barolo imezidi mfuko, ulizia Langhe Nebbiolo: zabibu ileile, bei ya chini, na inanyweka jioni hiyohiyo.