Mwache mtoto amshawishi konda

Mwalimu uliyeuliza kwa nini kidato cha tatu wako wakisimama kwenye mdahalo wa Kiingereza wanakariri tu "elimu ni bora kuliko pesa", ngoja nikueleze yaliyonikuta huku Mbagala, Dar es Salaam.

Mada hiyo niliitumia miaka mitatu. Hakuna mtoto aliyeiamini, walitafuta alama tu. Asubuhi moja nusu ya darasa wakaingia wamechelewa, jasho linawatoka: makonda wa daladala wamewazuia mlangoni, maana nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Wakalalamika kwa Kiswahili, na hoja zao zilikuwa na mashiko kuliko insha zote nilizowahi kusahihisha. Nikafunga kitabu. Nikawaambia, haya, mshawishini konda.

Niliwaacha wabishane kwa Kiswahili dakika kumi. Najua wapo watakaonipinga, lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Lakini mtoto aliyesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, ukimlazimisha atafute hoja na msamiati kwa mpigo, ataangusha hoja. Ikishasimama ndipo tunaitafutia Kiingereza chake, pamoja na viunganishi kama because na although.

Kisha mmoja akawa konda. Akawauliza, "Nikijaza wanafunzi, pesa za hesabu ya bosi nazitoa wapi?"

Kimya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliona ushawishi una nguzo tatu: msemaji aaminike, msikilizaji aguswe moyo, na hoja yenyewe isimame. Wanangu walikuwa na ile ya pili peke yake: tunachelewa, tunaadhibiwa, tuonee huruma. Hakuna aliyekuwa amejiweka kwenye viatu vya mtu anayedaiwa hesabu kila jioni.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kumwona akinyoosha mkono, akasimama. Kwa Kiingereza cha kuungaunga akasema siti zikishajaa, wanafunzi watano wakisimama hawamnyang'anyi mtu mzima nafasi, kwa hiyo nauli yao, hata iwe ndogo, ni nyongeza juu ya hesabu. "Konda" akacheka, akamfungulia mlango. Nyakati za vitenzi alizivuruga, nami sikumkatiza hata mara moja. Nilizisahihisha kesho yake, kwenye daftari.

Tangu siku hiyo nimegeuza utaratibu. Wanasema kwanza, dakika mbili kila mmoja, bila karatasi, mbele ya mwenzao mwenye ruhusa ya kukataa. Insha inafuata baadaye, wakishajua konda atawajibu nini.