Zawadi kwa mpenzi wa kuchoma nyama: nunua kitu kimoja, kiwe kizuri

Msomaji ameandika akiuliza amnunulie nini mumewe, ambaye kila mwisho wa juma yuko nje na jiko lake la mkaa. Dukani ameona sanduku lenye vifaa 18 vilivyopangwa vizuri, naye anataka kujua kama alichukue. Jibu ni hapana, na inauma kuona jinsi sanduku la aina hiyo linavyonunuliwa na watu wenye nia njema kabisa, kisha linaishia juu ya kabati.

Mtu anayechoma nyama hushika vitu vichache mno kila anapowasha moto: koleo, kipimajoto, glavu na kitu cha kusafishia wavu. Ili kufikia hesabu ya 18, watengenezaji huongeza vijiti vinane, vishikio vidogo vya mahindi, uma mrefu na brashi. Pesa yako inagawanyika kote huko, na koleo lenyewe linabaki bati jembamba ambalo hupinda likinyanyua kipande cha kilo mbili. Pesa hiyo hiyo ikiingia kwenye kifaa kimoja, unapata kile ambacho mchomaji mwenyewe angeona uchungu kujinunulia.

Kabla ya kwenda dukani, kaa karibu naye anapochoma umtazame. Je, hupuliza mkaa mpaka macho yatoe machozi? Hupasua nyama kuangalia kama imeiva? Hushika mfuniko kwa kitambaa cha jikoni? Hushikilia simu kwa mkono mmoja apate mwanga? Kila moja ya hayo ni jibu la swali lako. Hivi sasa anavumilia tabu ambayo ameshaizoea, na watu hawaombi zawadi ya kuondoa tabu waliyoizoea.

Anayepasua nyama anahitaji kipimajoto, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hakuna zawadi nyingine inayobadilisha chakula kwa kiasi hiki. Rangi ya nyama hudanganya. Nyama ya kusaga yaweza kuwa kahawia ndani kabla haijafikia joto la kuua vijidudu, na kuku aliyeiva kabisa anaweza kubaki na wekundu karibu na mfupa. Viwango ambavyo Idara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza ni hivi: kuku na ndege wengine nyuzi 74 za Selsiasi, nyama ya kusaga 71, samaki 63, na vipande vizima vya ng'ombe, kondoo au nguruwe 63 kisha vipumzike dakika 3 kabla ya kukatwa. Andika namba hizo kwenye kadi ya zawadi. Zitatumika kuliko maneno mengine yote utakayoandika humo.

Chagua cha kidijitali chenye sindano inayokunjuka, kinachosoma ndani ya sekunde mbili hadi nne. Ncha ya sindano iwe nyembamba, milimita 2 au chini ya hapo, na kihisio kiwe pale pale nchani. Kiwe na namba kubwa, taa nyuma ya kioo, na kinga dhidi ya maji, maana kitaoshwa kila siku ya kuchoma. Vile vya mshale vya bei rahisi havifai kwa vipande vyembamba: sehemu inayohisi joto imeenea sentimita kadhaa kwenye mti wa sindano, kwa hiyo ukikichoma kwenye nyama yenye unene wa sentimita 2.5 kinachanganya joto la ndani, la pembeni na la hewa. Na usivutwe na bunduki ya kupima joto kwa miale. Hiyo inasoma uso wa kitu tu, na kwenye chuma kinachong'aa husoma pungufu. Inafaa kwa sahani ya chuma cheusi au jiwe la kuokea, haijui lolote kuhusu katikati ya paja la kuku.

Kuna pia vipimajoto vyenye waya, ambavyo sindano hubaki ndani ya nyama muda wote. Hivyo ni kwa mtu anayepika kwa saa nyingi jiko likiwa limefunikwa. Nunua chenye sindano mbili: moja ya nyama, nyingine ya kuning'inia usawa wa wavu. Kile kipimajoto kilichofungwa kwenye mfuniko wa jiko kinapima hewa ya juu, mbali na chakula, na tofauti yake na joto la wavuni yaweza kuwa nyuzi makumi. Vinakufa kwa namna mbili karibu siku zote: waya ukipita juu ya mwali wa moto, au maji yakiingia kwenye kiungo cha sindano na waya wakati wa kuosha. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha sindano za akiba za aina ile ile zinauzwa peke yake.

Anayepuliza mkaa au kuumwagia mafuta anahitaji bomba la kuwashia. Ni silinda ya bati yenye mpini, ndani kuna wavu mdogo karibu na chini. Mkaa unakaa juu ya wavu huo, karatasi zilizokunjwa au kipande cha nta ya kuwashia vinakaa chini. Hewa moto inapopanda, inavuta hewa mpya kupitia matundu ya chini, na moto unajichochea wenyewe. Briketi, yaani vipande vya mkaa uliosagwa na kushindiliwa, huwa tayari ndani ya dakika 15 hadi 20, zile za juu zinapoanza kushika majivu meupe kingoni. Mkaa wa kawaida wa miti huwahi zaidi. Hakuna harufu ya mafuta kwenye chakula.

Kosa kubwa kwenye bomba ni kununua dogo. Lenye kipenyo cha sentimita 18 hadi 20 na urefu wa karibu 30 hubeba kilo mbili na zaidi kidogo za briketi, kiasi cha kutosha jiko la ukubwa wa kawaida. Dogo zaidi ya hapo humlazimisha mtu kuwasha mara mbili. Liwe na ngao ya bati kati ya silinda na mpini, na liwe na mpini wa pili wa kugeuza, kwa sababu kumwaga kilo mbili za makaa mekundu kwa mkono mmoja ni hatari. Liwekwe juu ya wavu wa chini wa jiko lenyewe au juu ya matofali. Kwenye nyasi litaunguza, na kwenye sakafu ya zege joto kali laweza kuibandua saruji vipande vipande.

Ukimpa bomba, ongeza glavu. Hapa watu wengi huchanganya kazi mbili tofauti. Glavu za ngozi nene ni za kushika chuma: mfuniko, wavu, mpini wa bomba. Za silikoni au mpira mzito ni za kushika nyama yenye mafuta, kwani huoshwa kwa sabuni. Za kitambaa kilichofumwa zinahimili joto zikiwa kavu, lakini zikilowa maji au mafuta joto hupenya mara moja na maji yanageuka mvuke ndani ya glavu. Huo ndio moto unaobabua vidole. Nunua za ngozi zinazofika katikati ya mkono, urefu wa sentimita 35 hivi, na zisiwe kubwa kupita mkono wake. Glavu inayopwaya haishiki koleo. Kama zimeandikwa EN 407, maana yake zimepimwa kwa kiwango cha Ulaya cha kinga dhidi ya joto.

Koleo: sentimita 40. La 30 linaunguza vidole, na la 50 na kuendelea linachosha kiganja na halina nguvu nchani. Chuma kisichoshika kutu, nene kiasi kwamba ukibana ncha kwa nguvu mikono yake haipishani. Ncha ziwe na mawimbi, si meno makali yanayochana ngozi ya kuku. Jaribu dukani kuokota sarafu. Likishindwa, litashindwa na soseji pia. Mawili ni bora kuliko moja: moja la nyama mbichi na makaa, moja la chakula kilichoiva.

Sasa brashi ya waya. Usimpe mtu unayempenda brashi ya waya. Nyuzi zake hukatika, hukwama kwenye wavu, hunata kwenye chakula na kumezwa. Mwaka 2012 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa ya wagonjwa waliokutwa na vipande vya waya kooni na tumboni, na baadhi yao walihitaji upasuaji. Kama anayo ya zamani, zawadi yako iwe ya kuiondoa hiyo. Mpe kikwangulio cha mbao ngumu, ambacho baada ya kutumika mara chache kwenye wavu wenye moto huchongeka chenyewe kufuata umbo la vyuma vyake, au brashi ya chuma kilichosokotwa isiyo na nyuzi za kuchomoka. Wavu usafishwe ungali moto, halafu upakwe mafuta kidogo kwa kitambaa kilichoshikwa na koleo.

Kuna zawadi za bei ndogo ambazo watu huziona hazina heshima, na huo ni ubaya tu wa kupenda vitu vya kung'aa. Sinia mbili za chuma za rangi au ukubwa tofauti, moja ya kubebea nyama mbichi na moja ya kupokelea iliyoiva, zinazuia kosa linalorudiwa kuliko yote kwenye uchomaji: kurudisha nyama iliyoiva kwenye sinia lenye damu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inamaliza ubishi wa chumvi. Gramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya nyama isiyo na mfupa, ipakwe mapema, hata usiku wa kuamkia siku hiyo kwa vipande vinene. Vijiti vya mishikaki viwe bapa. Vya mviringo ukigeuza kijiti, nyama inabaki ilipokuwa, upande mmoja unaungua na mwingine mbichi.

Kwa anayechoma usiku, tochi ya kichwani inashinda taa za sumaku zinazouzwa kwa ajili ya majiko. Sumaku haishiki aina nyingi za chuma kisichoshika kutu, na ikipata joto kali hupoteza nguvu. Tochi iwe na mwanga mweupe, kwa sababu mwekundu unaficha rangi ya nyama.

Kuhusu vitu vya moto wenyewe: mfuko mzuri wa mkaa ni zawadi kamili, usiuonee haya. Mkaa wa miti huwaka kwa ukali na kushika haraka. Briketi hudumu na kutoa joto lililo sawa. Epuka zile zilizolowekwa mafuta ya kujiwashia kama anapika muda mrefu, kwani kila anapoongeza mpya moshi wake hupita kwenye chakula. Mbao za kutia moshi ziwe za miti migumu au ya matunda, kavu, zisizopakwa rangi wala dawa. Ya misonobari ina utomvu na hutoa masizi machungu. Na kuziloweka kwenye maji hakusaidii: maji hayaingii ndani kiasi cha maana, na kinachotoka mwanzoni ni mvuke.

Zawadi moja ambayo hakuna anayeiwaza ni ndoo ya chuma yenye mfuniko unaobana, kwa ajili ya majivu. Makaa yaliyofunikwa na majivu yanaweza kubaki na moto kwa siku nzima na zaidi huku juu yakionekana yamekufa, na yakimwagwa kwenye pipa la plastiki huanzisha moto wakati watu wamelala. Iwe na miguu au kitako kilichoinuka ili isiunguze inapokaa.

Akitumia gesi, orodha inabadilika. Bomba na mkaa havimhusu, kipimajoto na koleo vinabaki. Sahani nzito ya chuma ya kuweka juu ya wavu ni nzuri kwa mboga na samaki, lakini ipime isifunike wavu wote. Joto lisipopata pa kutokea hurudi chini kwenye vichomeo na vitufe. Usinunue regulata wala mpira wa gesi kwa kukisia, kwa sababu vali za mitungi hutofautiana. Turubai la kufunikia jiko nalo linahitaji vipimo: urefu, upana na kimo, pamoja na rafu za pembeni, kisha ongeza sentimita chache kila upande. Liwe na matundu ya hewa, la sivyo unyevu unabaki ndani na jiko linashika kutu haraka kuliko lingekaa wazi.

Kabla ya kufunga zawadi, fungua boksi. Kipimajoto kitie betri, jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji mpaka yafunike barafu, koroga, subiri dakika moja kisha chovya sindano bila kugusa bilauri. Kinapaswa kusoma 0, kikizidi au kupungua kwa nyuzi moja tu. Kikikosea zaidi ya hapo na hakina kitufe cha kusahihisha, kirudishe dukani leo, risiti ikiwa bado mkononi mwako.